Kipande cha Tisa

Kila mwaka mpunga unapotoa masuke, wanawake wa kitongoji chetu hushuka bondeni kuulinda dhidi ya ndege, na watoto wao wadogo huniachia mimi. Sikuisomea kazi hii. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwenye nyumba ya marehemu baba yenye baraza pana. Mwanamke wa kwanza aliniomba nimshikie mtoto asubuhi moja tu. Asubuhi hiyo imefika mwaka wa kumi na moja.

Mchana watoto wanakula sinia moja. Wali unapakuliwa katikati, samaki anawekwa pembeni, haguswi. Wali ukikaribia kwisha, mtoto mkubwa kuliko wote ananawa tena mkono na kugawa kitoweo. Anaanza na mdogo kabisa, anapanda mmoja mmoja, na kipande cha mwisho ndicho chake. Ndivyo tulivyolelewa sote huku. Mkono unaojua kuwa utachukua mwisho hukata sawasawa.

Mwaka huu mkubwa wao alikuwa Nasra, binti wa Mshamu na Muzdalifa, miaka mitano na nusu. Mdogo wake, Ridhiwani, alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Tulimwita Ridhi. Pamoja nao walikuwa tisa.

Katika miaka hii nimeona kwamba huruma huota kwa mtoto pole pole, kama meno. Kichanga akisikia mwenzake analia, naye analia, hajui kilio ni cha nani. Akianza kutembea anajua kwamba anayelia ni yule, ila dawa anayoijua ni ile inayomtuliza yeye mwenyewe. Siku moja Iddy, mtoto wa jirani, alianguka kizingitini akalia. Ridhi alimshika mkono, akampitisha mbele ya mama yake Iddy aliyekuwa amekuja kumchukua, akampeleka moja kwa moja kwa Nasra. Kwake yeye Nasra ndiye aliyekuwa dawa ya kila kilio.

"Haya!" mama Iddy akasema. "Nimenyang'anywa mtoto mchana kweupe."

Tulicheka sana siku ile. Lakini baada ya miezi michache, Iddy alilia tena, na Ridhi hakumpeleka kwa Nasra. Alisimama akamtazama, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kifuniko cha bluu cha ndoo ya rangi. Kile kifuniko Iddy hutembea nacho na kulala nacho. Akamwekea mapajani. Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Ridhi kifuniko kile hakuwa na haja nacho hata kidogo. Alikuwa amejua kitu cha mwenzake.

Wiki mbili baadaye maji yaliingia bondeni.

Jumamosi ile Ridhi aliamka na mafua, akamng'ang'ania mama yake, hakutaka kubaki kwangu. Muzdalifa akanikabidhi Nasra, akamfunga Ridhi mgongoni, akashuka naye. Mto ulikuwa umeshafurika mashamba ya chini tangu juzi yake, na watu walikuwa wanaokoa mpunga uliokomaa kabla haujazama. Alimkalisha juu ya dungu, kile kibanda cha miti tunacholindia ndege, akamwambia asishuke. Akabeba mpunga kichwani mpaka pakavu, akarudi. Mara tatu alimkuta amekaa. Mara ya nne dungu lilikuwa tupu. Maji chini ya dungu yalimfika Muzdalifa magotini.

Ridhi alizikwa jioni ile ile. Nasra hakuona kitu. Alikuwa kwangu, akalala kwangu siku tatu, na kwa kuwa nyumba yao iko upande wa pili wa msikiti, hata vilio vya msibani havikumfikia. Siku ya nne baba yake alikuja kumchukua. Mshamu ni mtu wa maneno machache, na siku ile yalikuwa machache zaidi. Nasra alipomuuliza Ridhi yuko wapi, akatazama chini.

"Ridhi yuko Mohoro, kwa bibi yako."

"Kwa nini hamkunipeleka na mimi?"

"Maji yamekata barabara. Yakipungua mtaonana."

Huku amemshika mkono, alinitazama mimi. Macho yale yaliniomba ninyamaze, nami nikanyamaza. Baadaye alinieleza kwamba Muzdalifa ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alikuwa hawezi kulitamka neno lenyewe mbele ya mtoto. Huku kwetu kila mwaka wa maji mtu hukwama upande wa pili, na mtoto yeyote wa bonde anajua hivyo. Uongo ule haukuhitaji kupambwa.

Wanawake walirudi kushuka bondeni kuokoa kilichobaki, na watoto wakarudi kwangu. Mchana wa kwanza niliwapakulia ubwabwa na perege wa nazi. Nasra akanawa, akaanza kugawa.

Amri, aliyemfuatia kwa umri, akahesabu kwa kidole.

"Tupo wanane, yeye kakata tisa. Nasra hajui kuhesabu!"

"Najua."

"Hujui! Moja, mbili, tatu..."

"Cha tisa cha Ridhi."

"Ridhi hayupo."

"Hayupo, lakini chake kipo."

"Mimi mama kanambia Ridhi..."

"Amri!" nikaita. "Njoo nisaidie kuteka maji, baba, upesi."

Alikuja. Nilimpa kikombe kimoja abebe kutoka mtungini hadi barazani, kazi isiyokuwa na maana yoyote. Huko nyuma Nasra alikuwa anakifunga kipande cha tisa kwenye jani la mgomba. Ndipo nilipoona kwamba samaki hakutosha: kimoja kati ya vile tisa kilikuwa miiba mitupu. Kipande cha mwisho chenye mnofu, ambacho kwa kawaida kingekuwa chake, ndicho alichokifunga. Wali wake alimalizia kwa mchuzi.

Jioni akaondoka na kile kifurushi. Kesho yake akafanya vile vile, na kesho kutwa. Nilianza kuongeza samaki ili na yeye apate. Akiona pamezidi, aliongeza vya wadogo. Iddy ndiye aliyefaidi.

"Iddy mroho," Amri alilalama.

"Bado anakua," Nasra alimjibu, kama mama wa watoto sita.

Siku moja, wenzake wamelala, alinifuata jikoni.

"Bi Zena, Mohoro kuna samaki?"

"Wapo. Ni watu wa mto kama sisi."

"Lakini bibi hana meno. Atamtolea nani miiba?"

Kwetu kumtolea Ridhi miiba ilikuwa kazi ya Nasra. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, au walau ya kumwambia amuulize mama yake. Sikuichukua hata moja.

"Wapo wengine nyumbani kwa bibi," nikasema. "Maji yakipungua utamuona."

Baba yake ndiye aliyemwambia, na mimi nikarudia. Tangu siku hiyo uongo ule ulikuwa wangu pia.

Mshamu alikuwa amesimika kigingi majini, ukingoni mwa shamba lake, ili ajue lini atarudi shambani. Nasra alikifanya chake. Asubuhi, kabla ya kuja kwangu, alikwenda kukitazama, kisha akaniletea habari. Maji yapo hapa, alisema, akionyesha goti. Siku nyingine akaonyesha kifundo cha mguu. Wengine wote kijijini walikuwa wanaomba maji yaondoke. Mimi nilijikuta kila asubuhi naomba yasiondoke, nikamwogopa Mungu kwa dua ile.

Mwezi wa tano ulipokaribia kwisha alikuja anakimbia, miguu imejaa tope.

"Kimebaki kikavu! Kigingi cha baba kimebaki kikavu, Bi Zena!"

Siku hiyo hiyo, saa kumi, Mshamu alipita.

"Dada, mama amepiga simu. Barabara ya Mohoro imefunguka. Alhamisi atakuja kwenye arobaini."

"Na Nasra?"

Alikuna shavu.

"Mama yake amesema atamwambia."

"Lini?"

"Amesema atamwambia."

Sikutaka kumbana. Nilifunga mlango nikaenda kwa Muzdalifa mwenyewe. Nilimkuta uani, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, khanga imemlegea mabegani. Alikuwa amekonda mpaka pete imefungiwa uzi. Tulisalimiana, nikakaa chini, nikangoja. Nasra alikuwa ndani, tunamsikia anaimba.

"Umekuja kunisema," akaanza yeye.

"Sikuja kukusema. Nimekuja kwa sababu na mimi nimemdanganya."

Akaivuta khanga mabegani.

"Kile kipande anachokileta. Unajua kinakwenda wapi?"

"Sijui."

"Ananipa nimwekee mdogo wake. Namwambia sawa, nitamwekea. Akienda kucheza nakaa nyuma ya choo, nakila mimi." Alisema kwa sauti ndogo sana, anatazama mikono yake. "Dada Zena, ndicho ninachokula kutwa nzima. Kingine hakipiti. Mume wangu anapika uji, majirani wanaleta wali, naweka mdomoni narudisha. Hicho tu kinapita, kwa sababu kimetengwa kwa ajili yake. Nikimwambia kweli, hatakileta tena."

Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njiani. Niliyaacha, nikamsogelea pale kwenye kinu.

"Na kitu kingine," akasema. "Alipopatikana alikuwa ameshika masuke. Mkono umeyafumba. Hakushuka kucheza. Aliniona naenda narudi, akashuka anisaidie kubeba."

Kwangu kila mtoto hubeba kitu. Hata Ridhi, tangu alipoweza kusimama sawasawa, alikuwa mbeba vijiko. Nilimfundisha mimi, na kila alipofikisha vijiko nilimpigia makofi. Sikumwambia Muzdalifa hilo. Alikuwa analijua.

Tulikaa mpaka adhana ya magharibi.

"Nitamwambia kesho," akasema. "Jumatano. Nipe kesho."

Jumatano Nasra alikuja kwangu kama kawaida. Aligawa tisa, akafunga cha tisa, na kwenye jani akaongeza kaa wa kuchoma aliyemwomba kwa mpita njia. Alikuwa amefua kanzu ndogo ya mdogo wake, ikauka ina mikunjo. Nilijua hajaambiwa. Nilijiambia ipo jioni, uko usiku, na mama ndiye mwenye haki ya kusema. Huenda nilikuwa sahihi. Huenda nilikuwa mwoga tu. Mpaka leo sijaamua.

Alhamisi asubuhi tulikuwa uani kwao tunachambua mchele wa hitma, wanawake kama kumi. Pikipiki ikasimama nje ya ua. Nasra alitoka ndani mbio, jani la mgomba mkononi na kanzu begani, akatupita kabla hatujainuka.

Bibi Kijakazi, mama yake Mshamu, alikuwa anateremka kwa taabu, anashikilia bega la dereva. Nasra hakumwamkia. Alizunguka nyuma ya pikipiki, akatazama. Akazunguka tena upande wa pili. Kulikuwa na kikapu na jogoo amefungwa miguu.

"Ridhi yuko wapi?"

Yule bibi hakuwa na kosa. Kila mtu alidhani mwenzake amemwambia kwamba Nasra hajui. Mshamu alidhani mkewe amempigia simu, mkewe alidhani Mshamu. Yeye alisikia swali la mjukuu aliyefiwa, akapiga magoti pale vumbini, akamkumbatia, akaangua kilio alichokuwa amekibeba siku arobaini kule Mohoro, maji yalipomzuia kuja kuzika.

"Pole, mjukuu wangu! Pole kwa kumzika mdogo wako! Hata uso wake sikuuona mimi!"

Wanawake wote tulisimama na nyungo zetu. Nilimwona Nasra juu ya bega la bibi yake. Hakulia. Alimtafuta mama yake kwa macho, akampata mlangoni. Muzdalifa alikuwa ameshika fremu ya mlango. Walitazamana, na sidhani kama mtoto yule alihitaji kuambiwa jambo jingine.

Kisha akanyanyua mkono usiokuwa na kitu, akaanza kumpigapiga bibi yake mgongoni, taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto alale.

"Nyamaza, bibi," akasema. "Nyamaza."

Watu wazima waliona jambo lile wakalisifu. Mtoto ana moyo, walisema, mtoto amekua. Mimi liliniuma. Niliwaza, mtoto wa miaka mitano anapombembeleza mtu mzima, yeye anabembelezwa na nani?

Hitma ilisomwa. Watoto walitengewa sinia yao chini ya upenu, pilau na nyama. Nasra alinawa, akagawa. Alikata nane. Kipande cha mwisho alimpa Iddy, akasema ameshiba. Lile jani la mgomba nilikuja kuliona jioni juu ya kinu, limejaa sisimizi. Hakuna aliyelifungua.

Hakuja kwangu siku tatu. Siku ya nne, saa sita, niliwaona wanakuja pamoja, Muzdalifa mbele, Nasra nyuma yake hatua nyingi, kama wasiojuana. Muzdalifa hakuingia ndani. Alivua kandambili, akakaa barazani pamoja na watoto, kwenye mzunguko wa sinia, miguu ameikunja upande. Nilimletea mkeka akaukataa.

"Mama Nasra mkubwa!" Iddy alimshangaa. "Mkubwa huyu!"

"Mkubwa na njaa yake," Muzdalifa akamjibu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akijibu utani tangu msiba.

Wakala wali. Yeye alikuwa anagusa tu, anarudisha mkono. Kisha akamgeukia Nasra, na mbele ya wote wale, bila kupunguza sauti, akasema, "Nilikudanganya. Ridhi hakwenda Mohoro. Alikufa siku ile ile, kwenye maji, shambani. Nilishindwa kukwambia. Na vile vipande ulivyokuwa unaleta, nilikuwa nakula mimi."

Amri alifungua mdomo, nikamtazama, akafumba.

Nasra aliweka macho kwenye sinia muda mrefu.

"Vyote?"

"Vyote."

"Na miiba ulitoa?"

"Nilitoa."

Akanyanyuka, akanawa mkono. Akaanza kugawa perege. Iddy, kisha aliyemzidi Iddy, akapanda mpaka Amri. Akaweka kimoja mbele ya mama yake, baada ya kukigeuza na kutoa mwiba. Cha mwisho akajiwekea mwenyewe.

Muzdalifa alikiangalia kile kipande. Hakikuwa kimetengwa kwa ajili ya mtu mwingine tena. Kilikuwa chake. Akakikata kidogo, akaweka mdomoni, akatafuna sana, akameza. Akakata tena. Sote tulikuwa tunamtazama, na tulijifanya hatumtazami.

Nasra alikuwa anaitazama sinia. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza. Watu tisa, vipande tisa. Hakuna kilichobaki cha kufunga. Samaki alikuwa ametosha bila Ridhi.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, wali bado umo kinywani, kama anavyolia mtoto mdogo kuliko yeye. Kilio kile kilichelewa siku arobaini na nne. Muzdalifa alinyoosha mkono, Nasra akausukuma. Akanyoosha tena, akausukuma tena. Sikuingilia. Alikuwa na haki ya hasira yake.

Iddy aliacha kula. Alimtazama Nasra, akatutazama mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu aliyezoea kushughulikia mambo ya namna hii. Akashuka baraza kwa makalio, akazunguka nyuma ya nyumba, mikono ina mafuta ya samaki. Akarudi na kifuniko chake cha bluu. Akakiweka mapajani pa Nasra, akakigandamiza kwa viganja viwili kisianguke.

Kilikuwa kitu cha Iddy. Nasra hakuwa na haja nacho hata kidogo. Lakini alikishika pembeni kwa mikono miwili, na akaendelea kulia, na safari hii mama yake aliposogea karibu hakumsukuma.